Mtoto mwenye upungufu kiasi wa bayotinidasi: mwongozo kamili wa kulinda ukuaji wa akili yake

Kama kliniki imekupigia simu kukuambia kwamba damu ya kisigino ya mtoto wako imeonyesha upungufu kiasi wa bayotinidasi (protini inayousaidia mwili kutunza vitamini iitwayo bayotini), anza na hili: akili ya mtoto huyu ina kila nafasi ya kukua kama ya wenzake, na kinachoilinda ni vitamini hiyo moja ya bei nafuu anayopewa kila siku. La pili ndilo lililonisukuma kuandika. Mtoto mwenye hali hii huonekana mzima kabisa. Ananyonya, anacheka, ananenepa. Ndiyo maana wazazi hulegeza kamba: dozi inarukwa Jumamosi, chupa inaisha na hakuna anayekwenda kununua nyingine, miadi ya kliniki inaahirishwa kwa sababu "mbona yuko sawa". Anakuwa sawa mpaka siku homa kali inapomkuta akiba yake ya bayotini imekwisha.

Mimi ni mzazi wa mtoto mwenye hali hii na tunaishi ugenini. Nawaandikia wazazi wenzangu wa Kiswahili walioko Marekani, Ujerumani, Uswidi, Saudia na Falme za Kiarabu, ambako watoto wachanga hupimwa ugonjwa huu wakizaliwa, pamoja na walioko nyumbani ambao huenda hawajawahi hata kulisikia jina lake.

Kwanza, elewa kinachotokea mwilini

Bayotini ni vitamini B7. Mwili unaihitaji ili vimeng'enya kadhaa (protini zinazoendesha kazi za mwili) vifanye kazi ya kutengeneza sukari ya damu, kujenga mafuta na kuvunjavunja protini. Kazi ikiisha, bayotini haitupwi. Kimeng'enya kiitwacho bayotinidasi huikwangua pale ilipojishikiza na kuirudisha kwenye matumizi, kama chupa tupu za soda zinavyorudishwa kwenye kreti zikajazwe tena. Kimeng'enya hicho hicho ndicho kinachoitoa bayotini iliyofungwa ndani ya chakula.

Kikipungua, bayotini hupotea kwenye mkojo, vimeng'enya vinavyoitegemea vinakwama, na taka za asidi hujikusanya. Ubongo wa mtoto mchanga unakula nguvu nyingi kuliko kiungo kingine chochote, kwa hiyo ndio wa kwanza kuumia.

Madaktari wanagawa hali hii mafungu mawili. Kimeng'enya kikiwa chini ya asilimia 10 ya kiwango cha kawaida, huo ni upungufu mkali. Kikiwa kati ya asilimia 10 na 30, ni upungufu kiasi. Katika upungufu mkali usiotibiwa, mtoto hupata degedege, misuli kulegea, vipele, kunyonyoka nywele, kuchelewa kukua, kupoteza usikivu na kudhoofika kwa mshipa wa fahamu wa jicho. Dalili huanza mara nyingi katika miezi ya mwanzo ya maisha, ingawa zinaweza kuchelewa kwa miaka. Katika upungufu kiasi mambo ni mepesi zaidi: wengi hawaonyeshi chochote mpaka mwili ubanwe na maradhi au njaa, ndipo misuli inalegea, vipele vinatoka na nywele zinapukutika.

Kuna tofauti moja ya kukariri. Vipele, nywele, degedege na ulegevu wa misuli hurekebika bayotini ikianza. Usikivu uliopotea, mshipa wa jicho ulioharibika na ucheleweshaji wa akili uliokwisha kuingia, mara nyingi havirudi. Hii ndiyo sababu ya kutosubiri dalili.

Ugonjwa huu ulielezwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 na Barry Wolf na wenzake huko Virginia, Marekani, na mwaka 1984 jimbo hilo likawa la kwanza kupima watoto wote wachanga. Wale watoto wa mwanzo leo ni watu wazima. Wolf aliwafuatilia baadhi yao waliogunduliwa wakiwa wachanga wakiwa na upungufu mkali na kupewa bayotini tangu hapo: walimaliza sekondari, wengi wakaendelea na elimu ya juu, wanafanya kazi na kuanzisha familia. Ikiwa hao wa upungufu mkali wamefika huko, mwanao wa upungufu kiasi ana njia pana zaidi.

Hatua ya 1: Thibitisha majibu, na uliza asilimia

Tone la damu kwenye karatasi ni kipimo cha kuchuja tu. Kuna watoto wanaoitwa tena na kukutwa hawana tatizo. Bayotinidasi huharibika upesi kwa joto na unyevunyevu, kwa hiyo sampuli iliyosafirishwa kwenye joto kali inaweza kuonyesha upungufu usiokuwepo. Mtoto njiti na mwenye ini lisilo imara pia huweza kuwa na kiwango cha chini kwa muda.

Kipimo cha uthibitisho hufanywa kwa damu ya mshipa. Omba wewe na mwenzio mpimwe siku hiyo hiyo, na sampuli zote zisafirishwe pamoja na ya mtu mwingine asiye ndugu. Kwa kawaida mzazi anayebeba jeni ya ugonjwa huu huwa na takriban nusu ya kiwango cha kawaida. Ikiwa hata yule mtu baki ametoka na kiwango cha chini, tatizo ni safari ya sampuli, na damu ichukuliwe upya.

Usiridhike na kuambiwa "ni kidogo tu, msijali". Uliza ni asilimia ngapi, uiandike kwenye daftari la mtoto. Mtoto wa asilimia 12 na mtoto wa asilimia 28 wote wamo katika fungu moja, lakini daktari anayewajua atawaangalia kwa macho tofauti. Uliza pia kama kipimo cha BTD, jeni inayotengeneza bayotinidasi, kimefanyika. Wengi wenye upungufu kiasi wana badiliko moja jepesi linaloitwa D444H kutoka kwa mzazi mmoja na badiliko zito kutoka kwa mwingine.

Mkisubiri majibu, muulize daktari kama mtoto aanze bayotini mara moja. Kliniki nyingi huanza, kwa kuwa haina sumu inayojulikana kwa dozi hizi na kusubiri hakuna faida.

Hatua ya 2: Pata bayotini sahihi

Dozi hupangwa na daktari. Kwa ujumla ni miligramu 5 hadi 10 kwa siku kwa upungufu mkali, na kwa upungufu kiasi huwa katika kiwango hicho au chini yake kidogo. Usishtuke ukisoma kwamba mtu mzima wa kawaida anahitaji takriban mikrogramu 30 tu kwa siku. Mtoto wako anapewa nyingi kwa sababu mwili wake hauwezi kuitumia tena ile iliyokwisha kutumika, na ziada hutoka na mkojo.

Hapa kwenye vipimo ndipo watu wengi wanapokosea. Miligramu 1 ni mikrogramu 1,000. Kidonge cha mikrogramu 5,000 ni kile kile cha miligramu 5. Kidonge cha mikrogramu 300 si hata theluthi ya miligramu moja. Maduka huuza bayotini kama dawa ya kukuza nywele na kucha, na mara nyingi huchanganywa na vitu vingine. Tafuta yenye bayotini peke yake, soma kibandiko mpaka mwisho, na ukiwa na shaka mpelekee mfamasia chupa yenyewe aione. Zile tamu za kutafuna kama peremende si za mtoto mchanga, maana zinaweza kumkaba.

Epuka pia kuchanganya chupa nzima ya maji ya bayotini ili ikae wiki kwenye friji. Bayotini haiyeyuki vizuri, hutuama chini, kwa hiyo siku ya kwanza mtoto anapata maji na siku ya mwisho anapata dawa yote. Tena mchanganyiko huo hukaribisha bakteria.

Hatua ya 3: Jinsi ya kumpa, siku kwa siku

Nyumbani kwetu tunafanya hivi. Kidonge kinawekwa kwenye kijiko kikavu, kijiko cha pili kinakandamizwa juu yake na kuzungushwa mpaka kiwe unga laini. Yanadondoshwa matone machache ya maziwa yaliyokamuliwa, yanakorogwa kwa ncha ya bomba dogo la dawa lisilo na sindano, kisha yanavutwa mara moja kabla unga haujatuama. Bomba linaelekezwa upande wa shavu, si kooni. Chembe nyeupe zilizobaki kwenye kijiko tunazisuuza kwa matone mengine ya maziwa, naye anamalizia. Tunampa kabla ya kunyonya, akiwa na njaa, kwa sababu akishiba anatema.

Usiweke dawa ndani ya chupa nzima ya maziwa au bakuli la uji. Akiacha nusu, ameacha nusu ya dozi, nawe hutajua. Akishaanza kula, kijiko kimoja cha uji au ndizi iliyopondwa kinatosha kubeba unga wote.

Chagua saa moja ya siku isiyobadilika na iunganishe na jambo ambalo halikosekani, kama kupiga mswaki. Bandika kalenda ukutani, anayempa aweke alama. Hii inasaidia hasa pale mama, baba, shangazi na dada wa kazi wote wanamhudumia mtoto mmoja. Akikosa dozi siku moja, mpe ukikumbuka na uendelee. Kinacholeta madhara ni mazoea ya kurukaruka.

Kutoka kwa familia utasikia swali, na ni haki yao kuuliza. Bibi yake atasema kwenye simu, "Mwanangu, mtoto mzima huyu, dawa za nini kila siku?" Mjibu kwa heshima na kwa kifupi: "Ni vitamini, mama. Mwili wake hauwezi kuitunza, ndiyo maana tunamwongezea kila siku." Bibi akielewa, huyo ndiye atakayekukumbusha siku utakayosahau.

Hatua ya 4: Chakula na siku za ugonjwa

Habari njema ni kwamba hakuna mlo maalumu. Anakula ugali, wali, maharage, samaki na nyama kama wenzake. Mwiko ni mmoja: mayai mabichi. Ute mbichi wa yai una protini iitwayo avidini inayoikamata bayotini na kuizuia isifyonzwe. Kwa hiyo yai bichi na asali anayopewa mtoto ili apate nguvu, mayonezi ya kutengeneza nyumbani na kulamba mchanganyiko wa keki ambao haujaokwa, vyote viachwe. Yai likiiva vizuri, avidini inaharibika na yai linakuwa chakula kizuri. Yai la kuchemsha, mkate wa mayai, hata chipsi mayai iliyokaangwa mpaka ikakauka, mpe.

Siku za homa, kuhara na kutapika ndizo za kuwa macho. Hakikisha dozi haikosekani. Akitapika muda mfupi baada ya kumeza, piga simu kliniki uulize kama arudie. Mpe vinywaji na chakula kidogo kidogo, asikae na njaa kutwa. Mpeleke hospitali bila kuchelewa akilegea kuliko kawaida, akipumua haraka au kwa shida, akipata degedege au akiwa haamki vizuri, na wa kwanza kumpokea aambiwe jina la ugonjwa.

Na mwezi wa Ramadhani, kijana anayeanza kufunga anaweza kumeza kidonge wakati wa futari au daku. Kama ataweza kufunga mwezi mzima, hilo liamuliwe pamoja na daktari wake.

Daktari akitaka kumwanzishia dawa za kifafa kwa sababu yoyote ile, mkumbushe kuhusu bayotini, kwani baadhi ya dawa hizo, kama kabamazepini na fenitoini, hupunguza bayotini mwilini.

Hatua ya 5: Fuatilia ukuaji wa akili bila kumgeuza mtoto kuwa mtihani

Anza na masikio. Mtoto asiyesikia vizuri huchelewa kusema, anayechelewa kusema huonekana hana akili, na makosa hayo humfuata mpaka darasani. Hakikisha alipimwa usikivu alipozaliwa, na apimwe tena kwa ratiba ya kliniki yake, na kwa vyovyote kabla hajaanza shule. Macho pia yaangaliwe na daktari wa macho. Nyumbani, jaribu hili: simama nyuma yake asikuone, gusa karatasi ya plastiki kwa taratibu au mwite kwa sauti ya chini. Akigeuka, vizuri. Asipogeuka mara kadhaa kwa siku tofauti, usijifariji kwamba ni mkaidi.

Kisha viungo. Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani, karibu watoto wote wenye afya huweza kukaa bila kushikiliwa wakitimiza miezi 9 na siku chache, na kutembea peke yao wakikaribia miezi 18. Hiyo ndiyo mipaka ya mwisho, wengi huwahi. Mtoto akiwa mlegevu ukimbeba, anateleza mikononi kama anataka kupita katikati, mwambie daktari hata kama bado ana muda.

Lugha inahitaji maelezo zaidi kwa sisi tunaoishi ugenini. Utaambiwa, wakati mwingine hata na watu wenye nia njema, kwamba Kiswahili cha nyumbani kinamchanganya mtoto, muachane nacho. Si kweli. Kukua na lugha mbili hakusababishi mtoto kuchelewa. Ukiacha lugha unayoimudu ukaanza kumsemesha kwa maneno machache ya kubahatisha ya lugha ngeni, unampunguzia mazungumzo, na mazungumzo ndiyo yanayojenga akili. Msemeshe Kiswahili sawasawa. Mweleze unachopika, mtaje jina kila kiungo unapomwogesha, mwimbie, mtegee vitendawili akifika umri wake.

Unapohesabu maneno yake, hesabu lugha zote pamoja. Akisema "maji" kwa Kiswahili na kumtaja mbwa kwa Kijerumani, hayo ni maneno mawili. Kufikia miaka 2 anatarajiwa kuunganisha maneno mawili, mfano "baba njoo" au "taka uji". Anayempima asiyejua Kiswahili lazima awe na mkalimani au akusikilize wewe, la sivyo anapima nusu ya mtoto.

Kuna jambo moja lisilosubiri miadi: mtoto kupoteza alichokuwa anakiweza. Alikuwa anasimama, sasa hasimami. Alikuwa anaita "mama", sasa kimya. Piga simu siku hiyo hiyo.

Ukigundua kachelewa, omba huduma za mapema. Marekani kila jimbo lina mpango wa watoto chini ya miaka 3, na mzazi anaweza kuomba tathmini mwenyewe bila kusubiri barua ya daktari. Mazoezi ya viungo na ya kusema yakianza mapema husaidia, hata kama sababu ya kuchelewa haihusiani kabisa na bayotini.

Hatua ya 6: Shule

Mwalimu ajue mambo mawili: jina la hali hii na nambari yako ya simu. Hahitaji kumtenga wala kumpunguzia kazi. Akianza kushindwa hesabu au kusoma, pitia kwa mpangilio huu: dozi inamezwa kweli au inatemwa chooni? Masikio je? Macho? Usingizi? Ukimaliza hayo, mtazame kama mtoto mwingine yeyote ambaye huenda ana ugumu wa kusoma au wa kutulia, na apate msaada unaostahili. Ugonjwa huu usiwe maelezo ya kila kitu.

Hatua ya 7: Safari ya nyumbani, na vipimo vya maabara

Beba bayotini ya kuzidi siku za safari, kwenye mkoba wa mkononi, ikiwa kwenye chupa yake yenye kibandiko. Beba barua ya daktari inayotaja ugonjwa, asilimia na dozi. Usiiache ndani ya gari juani.

Kuna mtego wasioujua hata baadhi ya wahudumu wa afya. Bayotini nyingi kwenye damu huvuruga baadhi ya mashine za maabara, hasa za homoni. Mtoto mzima anaweza kuonekana ana tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, akaanzishiwa dawa asizozihitaji. Mwaka 2017 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu jambo hili. Kila anapochukuliwa damu, sema: "Anatumia bayotini miligramu kadhaa kwa siku." Maabara ina njia za kulishughulikia. Usimwachishe dawa kwa uamuzi wako ili kipimo kitoke vizuri.

Tanzania na Kenya hazina mpango wa kitaifa wa kumpima kila mtoto mchanga ugonjwa huu. Ukikutana na ndugu mwenye mtoto anayepata degedege lisiloeleweka, hasa likiambatana na vipele visivyopona na nywele kupukutika, mwambie amfikishe kwa daktari bingwa wa watoto na ataje bayotinidasi kwa jina. Damu na mkojo vichukuliwe kwanza inapowezekana, lakini daktari anaweza kujaribu bayotini bila kungoja majibu.

Hatua ya 8: Ndugu zake

Hali hii hurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili, na kwa kawaida kila mimba ina uwezekano wa robo moja kumpata mtoto mwenye upungufu. Katika familia ambazo watoto wa ami huoana, uwezekano wa wazazi wote kubeba jeni ile ile ni mkubwa zaidi. Ombeni ushauri wa jeni, bila kumnyooshea mtu kidole.

Lililo la haraka ni wale wakubwa. Kaka au dada aliyezaliwa Tanga, Kisumu au Bukavu kabla hamjahama hakuwahi kupimwa. Aliyezaliwa Uingereza naye hakupimwa, kwa sababu ugonjwa huu haumo kwenye orodha ya vipimo vya watoto wachanga huko. Anaweza kuwa na upungufu na asiwe ameonyesha lolote hadi leo. Ugonjwa huu umewahi kugunduliwa kwa vijana na watu wazima walioanza ghafla kupoteza uwezo wa kuona au nguvu za miguu, wakatibiwa kwanza kwa maradhi mengine. Kwenye miadi ijayo ya mdogo wao, nenda nao wote, na uombe kila mmoja achukuliwe damu siku hiyo hiyo.